Wiki ya ofisi: tuunganishe na LDAP au tuachane nayo?

Ubishi huu hauishi kwa watu wanaojiwekea wiki (tovuti ya ofisi ambayo watu wanaandika na kuhariri kurasa wenyewe) kwenye seva yao wenyewe, watumiaji waingie kwa akaunti za direktori, yaani orodha moja ya akaunti zote za ofisi (inaulizwa kwa LDAP, na ofisi nyingi direktori maana yake ni Active Directory ya Microsoft) au kila mtu atengenezewe akaunti humohumo ndani ya wiki yaishe?

Wanaotaka direktori wana hoja moja nzito, nyingine zote mapambo tu: mtu akiacha kazi unazima akaunti yake sehemu moja, akirudi kuingia wiki inamkataa. Akaunti za ndani utasahau kuzifuta, wote tunasahau.

Ila sasa siku igome! Wiki inaandika tu jina au pasiwedi sio sahihi, unaanza kumlaumu dada wa mapokezi bure kumbe akaunti ya huduma, ile wiki inayotumia kuwatafuta watu kwenye direktori, ndio pasiwedi yake imeisha muda. Seva ya direktori inarudisha kosa namba 49 kwa karibu kila kuingia kunakogoma, ujanja uko kwenye kakodi ambako Active Directory inakachomeka ndani ya ujumbe: 52e pasiwedi mbovu, 532 imeisha muda, 533 akaunti imezimwa, 775 imejifunga. Kwenye ukurasa wa wiki hukaoni, pima kwa ldapsearch (amri ya kuulizia direktori) ukiwa kwenye seva ileile ya wiki, sio kwenye laptop yako maana hapo utapima kitu kingine kabisa. Na kama imegoma baada ya kupandisha toleo la PHP (lugha inayoendesha wiki), angalia kwanza php-ldap, kipande chake cha kuongea na LDAP, ipo.

Alafu kuna cheti, kile kinachothibitisha kuwa seva ndio yenyewe. Poti 636, ile ya LDAP iliyofichwa kwa usimbaji, inakataa kwa sababu seva ya wiki haimjui aliyesaini cheti cha direktori, mtu anaweka TLS_REQCERT never (yaani usikague cheti) anashangilia. Inaingia kweli, ila yeyote akikaa katikati anazoa pasiwedi za ofisi nzima, wakati kuelekeza TLS_CACERT kwenye cheti cha huyo aliyesaini ni kazi ya dakika chache.

Kwa hiyo mko 6? Achaneni na LDAP, mnajitesa. Mko 40 na direktori tayari ipo, unganisheni, ila bakizeni admini mmoja wa ndani, kwa DokuWiki (moja ya programu za wiki) ukifungiwa nje unarudisha tu authtype iwe authplain, yaani akaunti za ndani, kwenye conf/local.php unaingia naye.