Leza Yangu na Friza ya Mama

Friza niliisukuma mimi. Naliweka wazi mapema kwa sababu wadogo zangu wanaisimulia hadithi hii wapendavyo, na kila wakiisimulia friza inasogea zaidi.

Chanzo kilikuwa meza. Nilikuwa nimenunua kompyuta ya mtumba, ile ya boksi la kusimama, na nyumbani kwetu Tandika soketi isiyotoa cheche ni moja tu. Ipo ukumbi wa nyuma, anapoweka Mama friza yake ya barafu: za ubuyu, za ukwaju, za maziwa, zile za vifuko ambazo watoto wa shule wanang'ata kona moja na kunyonya njia nzima. Nikaisukuma friza mpaka mgongo ukagusa ukuta. Ubavu uliobaki wazi nikauegemezea begi la nguo, godoro la wageni lililokunjwa, na kasha la kompyuta. Nikapata nafasi ya meza na kiti. Usiku huohuo nikaenda anga za juu.

Gemu lenyewe ni Children of a Dead Earth, la mwaka 2016. Asiyelijua asidhani ni yale ambayo vyombo vinakata kona angani kama bodaboda. Humu meli inazunguka sayari kwa hesabu za kweli, ukitaka kubadili njia unalipa mafuta, na silaha unaisanifu mwenyewe kipande kwa kipande, mpaka unachagua kioo chake ni cha madini gani. Ukikosea halikutukani. Linakuandikia kwa wekundu.

Meli yangu niliipa jina Hasidi Hana Sababu. Nililisoma kwenye khanga ya Mama iliyokuwa imefanywa pazia la dirisha, mbele yangu kabisa. Nikataka iwe na leza ya megawati moja. Kwa nini moja? Basi tu, ilinipendeza. Nikachukua njia iliyozoeleka: kristali ya kutengenezwa iitwayo YAG, iliyotiwa madini ya neodimiamu, inamulikwa na taa kali kutoka ubavuni. Hata leza ya kwanza kabisa, ya Theodore Maiman mwaka 1960, iliwashwa kwa taa ya flashi, ila yeye alitumia rubi. Nikajiona niko kwenye ukoo mzuri.

Shida ya taa ni kwamba inamwaga mwanga wa kila namna, kristali inadokoa kidogo inachokipenda, na kilichobaki chote kinageuka joto. Usanifu wangu ulikuwa na ufanisi wa asilimia mbili. Ili megawati moja imfikie adui, ilibidi nichote megawati 50 kwenye kinu cha nyuklia, na hizo 49 nyingine nibaki nazo ndani ya meli. Sikushtuka. Nilijua angani kuna baridi ya kufa mtu, joto litaondoka lenyewe. Rejeta, yale mabati ya kutupia joto nje, nikaweka mbili ndogo, kwa heshima tu.

Wekundu ukajaa skrini nzima. Taa inayeyuka. Kristali imezidi joto. Rejeta hazitoshi.

Mama akapita na ndoo, akasimama nyuma yangu.

"Hayo mekundu ndiyo umefeli?"

"Si mtihani Mama, ni meli."

"Kwa hiyo imefeli meli."

Nikakaa nayo siku tatu. Nilibadilisha taa, ikayeyuka nyingine. Nilibadilisha kioo kutoka alumini kwenda fedha, wekundu ukahama mstari mmoja ukakaa mstari wa chini yake. Nilipunguza nguvu mpaka leza ikaona aibu kuitwa silaha. Siku ya pili Mama alianza kulalamika kuwa barafu hazigandi, zinakuwa kama uji wa mgonjwa. Mimi nikatoa maoni ya kitaalamu bila kugeuza shingo: "Labda gesi imeisha."

Jumamosi asubuhi nikashusha mguu kitandani, nikakanyaga maji. Mekundu. Yalitoka chini ya friza, yakapita chini ya mlango, yakaelekea kwenye waya wangu wa ekstensheni kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Ulikuwa ubuyu. Barafu 140 za oda ya kipaimara cha jirani zilikuwa zimerudi kuwa juisi, na vifuko vimelala humo ndani vimelegea kama soksi. Nilichomoa ekstensheni kwanza. Mama ananikumbusha mpaka leo: nyumba inazama, wewe unaokoa kompyuta.

Akampigia Mjomba, fundi friji wa Buguruni, mtu ambaye hata kuku wa kuchoma anamgusa kwanza kwa mgongo wa kiganja kupima joto. Alifika saa nne na begi lake la geji.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Mgonjwa yuko wapi?"

Hakufungua begi. Aliweka mgongo wa kiganja kwenye ubavu wa friza, akauondoa haraka, akapuliza vidole. Kisha akavuta godoro la wageni. Lilitoka na joto lake, kama chapati kutoka kwenye kitambaa. Akalishika, akamwangalia Mama. Mama akaniangalia mimi. Mimi nikaiangalia khanga dirishani.

"Dada, hii friza haiumwi," Mjomba akasema. "Imenyongwa."

Akaeleza polepole, na nadhani alifanya kusudi. Kwamba friza haitengenezi baridi. Inachukua joto lililomo ndani ya ubuyu, inalibeba kwenye gesi, inalitupa nje kupitia kondensa, yaani mabomba ya mgongoni na ubavuni. Ukiziba hapo pa kutupia, kompresa inahangaika usiku kucha kuzungusha joto lilelile. "Ni sawa na kuchota maji kwenye mtumbwi," akasema, "halafu ndoo unaimwagia humohumo."

Mama akauliza gesi haikuisha? Mjomba akasema gesi ipo tele. Mama akaniangalia tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi.

Tukaivuta friza mpaka ikakaa kiganja kimoja na nusu kutoka ukutani. Meza yangu ikabaki nusu nje, mlangoni. Mjomba alikuwa anapanguza mikono alipoiona kompyuta, maana mimi nilikuwa nimeshairudishia umeme.

"Na hiyo nayo mbona nyekundu? Inaumwa nini?"

Nikamweleza kwa aibu, nikijua atacheka. Megawati 50 zinaingia, moja inatoka, 49 zinabaki. Hakucheka. Alivuta kiti changu akakaa.

"Kondensa yake iko wapi?"

Nikamwonyesha rejeta zangu mbili.

"Mjomba," akasema kwa upole wa kutisha, "umewanyonga na hawa."

Nikajitetea: angani kuna baridi kali. Akanyoosha mkono mezani, akachukua chupa ya chai ya Mama, akaitikisa sikioni. "Hii chupa, kati ya ukuta wa ndani na wa nje wamenyonya hewa yote. Hakuna kitu. Chai ya saa kumi na mbili asubuhi, saa hizi inaunguza ulimi. Huko angani kwako kuna hewa?"

"Hakuna."

"Basi meli yako iko ndani ya chupa ya chai."

Nilikuwa nimesoma jambo hilohilo kwa siku tatu, kwa lugha nyingine na kwa milinganyo, na halikuniingia hata robo. Pasipo hewa, joto lina mlango mmoja tu wa kutokea: kung'aa, kama kaa la moto linavyokupasha uso ukiwa mbali. Nikarudi kwenye rejeta, nikaweka za maana. Ziliendeshwa kwa kelvini 400, joto linalozidi kidogo tu maji yanayochemka, na katika joto hilo mita moja ya mraba inang'arisha kilowati moja na nusu hivi. Gawanya megawati 49 hapo. Hata nikihesabu pande zote mbili za bati zinatoa joto, nilihitaji mabati ya karibu mita za mraba 17,000. Kiwanja cha mpira cha mita 105 kwa 68 ni 7,140. Hasidi Hana Sababu ilikuwa sasa na viwanja viwili na ushee vya mpira mgongoni, na ukiiambia ikate kona unaweza kwenda kuoga ukarudi.

Mjomba akatazama, akatoa mlio wa meno. "Ongeza joto la bomba."

"Si ndiyo litazidi kuungua?"

"Bomba la moto ndilo linalotupa. La vuguvugu linakutania."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua, kwa sababu mng'ao unakwenda na joto lililozidishwa kwa lenyewe mara nne. Nikapandisha kutoka kelvini 400 hadi 800, ambayo ni mara mbili, na kila mita ikaanza kufanya kazi ya mita 16. Mabati yakashuka kutoka 17,000 hadi elfu moja na kidogo. Kristali ililalamika, nikaanza kuibembeleza huku na huku, taa nikaigawa zikawa nyingi ndogo, na mnamo saa saba mchana mstari wa mwisho mwekundu ukafutika. Mjomba akapiga meza. Mama akauliza kutoka jikoni kama friza imeganda.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili. Niliwaita washkaji watatu waje waone pambano.

Adui akatokea kilomita 500. Nikafyatua. Humu hakuna mlio wala mstari wa rangi unaokatiza anga, kwa hiyo kwa macho ya washkaji nilikuwa nimekaa tu. Dakika ya kwanza, hakuna kitu. Ya tatu, hakuna kitu. Adui anakuja taratibu. Mmoja akauliza kama imegoma. Nikafungua namba nione mwanga wangu unafikaje kule, na nikatamani nisingefungua mbele za watu.

Kioo cha kutolea mwanga nilikuwa nimekiweka cha sentimita kumi. Akilini mwangu leza ni kama ile kalamu ya mhadhiri: ikianza nyembamba, inafika nyembamba. Kumbe mwanga unapopita kwenye tundu dogo ndivyo unavyotawanyika zaidi. Hata ile leza wanayoipiga kutoka duniani kwenda kwenye vioo vilivyoachwa mwezini mwaka 1969 inafika ikiwa imetanuka kilomita kadhaa. Ya kwangu, kwa wimbi la nanomita 1,064, ilifika ikiwa doa la mita 13 upana. Megawati yangu moja ikasambaa humo mpaka ikabaki kama jua tano na nusu, kwa ukali wa jua linapoifikia dunia kabla ya kupita hewani.

"Kwa hiyo unamchoma?" mshkaji akauliza.

"Anamuanika," akasema mwingine. "Kama dagaa."

Adui alifika akiwa amekauka vizuri, akaninyeshea risasi, rejeta zangu zikang'oka bati moja baada ya jingine. Leza ikazima yenyewe kwa joto. Washkaji waliondoka wakinusa hewa na kuuliza Kigoma ni pande zipi.

Mjomba, akifunga begi lake, akasema tochi za walinzi zinazofika mbali zina kichwa kikubwa, mimi nimeweka kichwa cha njiti. Sababu yake haikuwa yenyewe hasa. Jibu lilikuwa lenyewe kabisa: kioo cha mita mbili kinalibana lile doa mpaka likapungua upana wa meza yangu, na nguvu kwenye kila mita inapanda mara 400. Sikupata nafasi ya kujaribu siku hiyo, kwa sababu Mama alinikabidhi jagi, kifungu cha vifuko na kilo mbili za ubuyu. Barafu 140. Zifungwe kabla ya Magharibi.

Nililala saa nane usiku, vidole vyekundu. Saa kumi na moja alfajiri simu ikaita.

"Mjomba," akasema bila hata salamu, "sijalala. Ile pampu inayozungusha maji ya kupoozea, uliiweka kasi gani?"

Mama akaamka chumba cha pili. "Nani huyo saa hizi?"

"Mjomba."

"Mwambie inaganda vizuri."