Kabla ya Kuvunja, Tuonyesheni Fedha ya Kujenga

Kila nikipita Magomeni, Dar es Salaam, na basi la mwendokasi lazima nigeuze shingo niyatazame maghorofa ya Kota. Kanga zimeanikwa kwenye vibaraza, watoto wanapanda na kushuka ngazi, maisha yanaendelea. Nafurahi kwamba yapo na kwamba wanaokaa mle ni watu wa pale pale. Lakini kila nikiyaona nakumbuka kiwanja kile kilivyokaa kitupu miaka na miaka, katikati ya jiji ambalo chumba kimoja kinagombewa na watu kumi.

Kwa wasioijua historia hii, Kota za Magomeni zilikuwa nyumba za chini za enzi za mkoloni, mali ya manispaa, na wapangaji wake walikuwa watu wa kipato cha kawaida, wengine wamezaliwa humo na wakazalia humo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Manispaa ya Kinondoni ikawahamisha ili pajengwe makazi ya kisasa. Kaya 644. Nyumba zikavunjwa, ujenzi usianze. Septemba 2016 Rais John Magufuli alifika pale, akasikiliza kilio cha watu wale, akaagiza Serikali ijenge na wao wakae miaka mitano bila kulipa kodi. Wakala wa Majengo Tanzania, TBA, ukapewa kazi. Rais Samia Suluhu Hassan aliyazindua majengo Machi 2022.

Hebu tuhesabu. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza wakati nyumba zinavunjwa alikuwa anakaribia kumaliza kidato cha nne siku utepe ulipokatwa. Utoto wake wote uliisha kwenye vyumba vya kupanga, pengine Mburahati, pengine Mbagala, mbali na majirani aliozaliwa nao. Na wazee je? Mzee aliyehamishwa akiwa na miaka sabini tusimsahau tunapopiga picha za maghorofa.

Jambo linalonikera zaidi ni hili: Kota haikuokolewa na manispaa iliyoivunja. Iliokolewa na Hazina, kwa sababu Rais alikwenda mwenyewe kuona. Rais hawezi kwenda kila kiwanja. Kota nyingine, soko jingine, mtaa mwingine utakaovunjwa kesho usipopata bahati ya kutembelewa utabaki na nyasi zake.

Lakini sitaki kuishia kuwalaumu madiwani, maana nadhani tukiishia hapo hatujasema kitu. Halmashauri inavunja kabla ya kuwa na fedha kwa sababu fedha yenyewe haina, na kitu pekee chenye thamani ilichobaki nacho ni ardhi. Ardhi ile ina watu juu yake, na watu wale ni wapangaji wasio na hati. Basi unatafutwa mbia. Mbia anataka kiwanja kitupu kwanza ndipo azungumze. Watu wanaondolewa, mazungumzo yanakwama, mbia anatoweka, na aliyekuwa mpangaji anabaki na karatasi ya ahadi kwenye mkoba wa plastiki.

Kwa nini haina fedha? Tazama kodi ya majengo. Katika nchi nyingi hii ndiyo kodi ya mji: nyumba haihamishiki, na barabara, mtaro na taa vinavyoipandisha thamani vinajengwa na halmashauri. Kwetu sheria iliyoipa mamlaka za miji nguvu ya kuitoza ni ya mwaka 1983. Mwaka 2016 ukusanyaji ukahamishiwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Mwaka 2018 tukaingia kwenye viwango vya mkupuo badala ya thamani ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kuutumia: ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikapanda kuwa 1,500, ambayo ni 18,000 kwa mwaka. Kwa ghorofa mijini ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu.

Mimi naishi kwenye nyumba ya vyumba sita yenye mita moja. Mwanzo wa mwezi tunachanga, mmoja wetu ananunua umeme, ujumbe unaingia: tarakimu ishirini za kuingiza kwenye mita, na juu yake makato. Kodi ya majengo, 1,500. Tunasomeana, tunagawana uniti zilizobaki. Kisheria kodi ile ni ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba wetu haishi hapa na umeme hanunui yeye. Wanaoilipa ni muuza mihogo, dereva wa bodaboda, dada wa saluni, mimi na wengine wawili.

Sasa twende Masaki, kwa wenye fedha. Nyumba ya chini yenye bustani, ukuta na bwawa la kuogelea, inayopangishwa kwa dola, nayo ni nyumba ya kawaida isiyo ghorofa: 18,000 kwa mwaka, sawasawa na hii yetu ya kuchanga. Zote mbili zingeweza kuwa ndani ya manispaa moja, Kinondoni, yenye Masaki na Tandale ya wanyonge kwenye ramani moja! Manispaa yenye utajiri wa namna ile haikupaswa kusubiri Rais aje kujenga nyumba za kaya 644. Nyumba za Masaki zikithaminiwa na kulipiwa kwa haki, na fedha ile ikirudi kwenye akaunti ya manispaa badala ya kupitia Hazina kwanza, diwani wa Magomeni atakuwa na bajeti ya kuizungumzia.

Nilishawahi kukaa kwenye benchi la wananchi kusikiliza baraza la madiwani la halmashauri moja likijadili bajeti. Watu wengi hawajui kwamba vikao hivyo viko wazi, nendeni. Diwani mmoja, mama, alisimama kuomba kalvati, moja tu. Watoto wa kata yake wanavuka mfereji kwenye gogo kwenda shule, na mvua za masika zilikuwa zimekaribia. Alijibiwa kwamba mapato ya ndani yameshagawanywa: asilimia kumi kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, umaliziaji wa maboma ya madarasa, zahanati, posho. Alikaa chini na kufunga makabrasha yake taratibu. Sura ya mama yule sijaisahau, kwa sababu hakuwa anaomba cha kwake.

Kuna hoja moja naipokea kwa mikono miwili: halmashauri zikipewa fedha, zitazila. Tumeona. Mikopo ile ya asilimia kumi ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, kurudia mwaka baada ya mwaka habari za marejesho yasiyorudi na vikundi visivyokuwepo, na ikarejeshwa baadaye kwa utaratibu mpya. Lakini ugonjwa wa wizi unatibiwa kwa ukaguzi na kesi mahakamani. Ukiziondolea halmashauri chanzo cha mapato kwa sababu ya wezi, mwizi atahamia kwenye chanzo kingine na mwananchi atabaki bila mtaro.

Na tusidhani kwamba fedha ikija kutoka nje mambo yamekwisha. Mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulileta barabara za lami, taa na mitaro katika mitaa ya Kinondoni, Ilala na Temeke iliyokuwa haipitiki. Mto Ng'ombe, uliokuwa ukiwafurikia watu kila masika, ukajengewa kingo. Ni kazi kubwa na naisifu. Ila muulize mpangaji yeyote kilichofuata. Pale nilipokuwa nimepanga zamani, lami ilipofika kwenye kona yetu, mwenye nyumba alikuja na daftari lake akasema mkataba ukiisha kodi inapanda kwa elfu ishirini kwa mwezi. "Si mnaona barabara?" Miezi sita mkononi, hakuna kupunguza. Nikaondoka, nikamlipa dalali kodi ya mwezi mmoja kwa kunitembeza jua kali, na leo nakaa mbali zaidi na kazini kuliko kabla mtaa ule haujaboreshwa. Wangapi tuliondoka hivyo, hakuna aliyetuhesabu, kwa sababu mpangaji anayeondoka kwa kupandishiwa kodi hayumo kwenye orodha ya fidia wala ya mradi.

Ndiyo maana maneno "kuboresha mji" yananipa wasiwasi mpaka nisikie yanayofuata. Kubomoa ni kazi ya siku mbili. Nikiulizwa, ningetaka iwe marufuku halmashauri kumtoa mtu kwenye nyumba yake ya umma kabla fedha ya ujenzi haijakaa kwenye akaunti maalumu, na kabla orodha ya wakazi haijabandikwa ukutani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, jina kwa jina, kila mtu aione. Kaya 644 za Magomeni walau zilijulikana idadi, na nadhani kuhesabika kule ndiko kulikowasaidia kudai kwa sauti moja miaka yote. Sehemu ya kodi ya majengo itengwe kwa nyumba za kupangisha za halmashauri, vyumba viwili vya heshima, kwa watu ambao Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, na benki hawawafikirii. Na bei zijulikane kabla watu hawajafunga virago. Hata pale Magomeni, baada ya furaha ya kurudi, ulifuata mjadala mzito wa wakazi kununua nyumba na kwa bei gani, jambo lililotakiwa kumalizwa siku ya kwanza.

Miezi michache iliyopita mtaa wetu uliitiwa mkutano. Walikuja wataalamu na mchoro mkubwa wa rangi, wakautundika kwenye mti wa mwarobaini kwa misumari: maghorofa, miti, njia za watembea kwa miguu. Kweli ulikuwa mzuri. Mzee mmoja aliyekaa mbele alinyoosha fimbo yake, akapewa nafasi.

"Mchoro tumeuona, mwanangu, ahsante. Fedha ipo?"

Kijana mmoja kati ya wataalamu wale akasema, kwa adabu kabisa, "Iko kwenye mchakato, mzee."

"Basi na sisi tuacheni kwenye nyumba zetu mpaka mchakato uishe."

Mwenyekiti akaahirisha mkutano. Ukiitishwa tena nitakuwepo, na nimeshaongea na wenzangu watano wa nyumba yetu. Tutakaa mbele, pamoja na mzee.