Kutua tanga si kushindwa

Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba, mimi na mjomba wangu tulitua, yaani tulishusha, tanga la mashua yetu katikati ya mashindano ya mashua ndogo hapa Tanga, tukarudi pwani kwa makasia. Kwenye karatasi ya matokeo tuliandikwa "hawakumaliza", mstari wa mwisho kabisa. Mjomba aliisoma, akanirudishia, akaniuliza kama nimeshaanika tanga. Yeye hakujali. Mimi neno lile linaniuma mpaka leo, na si kwa ajili ya kombe. Linawafundisha vijana wetu kwamba kurudi ni aibu.

Novemba si mwezi wa kuuamini. Upepo wa kusi umeshakufa, wa kaskazi haujashika, na mvua za vuli zinazunguka nje ya ghuba. Ndiyo maleleji yenyewe, kipindi cha pepo kubadilika: unaweza kukaa saa nzima tanga limelala kama khanga kwenye kamba, mara upepo unatokea upande usioutegemea. Asubuhi ile nilipita Deep Sea, pwani ya wavuvi, nikakuta ngalawa zimevutwa juu mchangani, wavuvi wamekaa. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu aliniambia, "Leo matlai itakuja na mvua, mwanangu." Matlai ni upepo wa mashariki. Nikamwitikia, nikaenda zangu. Sikuyafikisha maneno yake kwa waandaaji kwa sababu nilidhani wanajua. Hilo najilaumu.

Njia ilikuwa kutoka Ras Kazone, kuzunguka kisiwa cha Toten, na kurudi. Tulianza saa nne. Siku hiyo ilikuwa bamvua, maji ya kujaa na kupwa sana, na yalikuwa yanakupwa. Anayeijua ghuba yetu anaelewa: maji yanakimbilia nje, matlai inaingia, vinakutana uso kwa uso. Mawimbi hayapati kunyooka. Yanasimama mafupi mafupi kama ngazi, na chombo kidogo kikitoka kwenye moja kinaingiza pua kwenye jingine.

Upepo uliitangulia mvua. Niliisikia baridi yake shingoni kwanza, kisha demani, kamba ya kushikia tanga, ikanikata vidole. Maji yakawa yanaingia, nayafua kwa dumu la mafuta ya kula lililokatwa mdomo. Nikitoa dumu moja yanaingia mawili. Mjomba hakupiga kelele. Alitazama mlingoti, akawatazama wenzetu waliokuwa mbele, akasema, "Fungua henza." Henza ndiyo kamba ya kupandishia na kushushia tanga; ilikuwa imevimba kwa maji na fundo halitaki. Nililing'ang'ania kwa meno. Tanga liliposhuka, mashua ikatulia kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Karibu na kisiwa mashua moja ilipinduka. Vijana wawili waliokuwemo walishikilia tumbo lake mpaka boti ya wavuvi yenye mashine ilipowafikia. Wote wazima, alhamdulillahi. Lakini waliowatoa ni wavuvi ambao hakuna aliyewauliza chochote asubuhi.

Kanuni za kimataifa za mashindano ya tanga zinasema uamuzi wa kuanza au kuendelea ni wa chombo chenyewe. Sawa. Kanuni hizo hizo zimewapa waandaaji bendera: ya mistari myekundu na myeupe ya kuahirisha, na ya miraba ya buluu na myeupe ya kuvunja mbio. Siku ile haikupanda hata moja. Kijana wa miaka 19 aliyeshalipa ada, rafiki zake wako pwani wanampiga picha, bendera haijapanda, atapata wapi ujasiri wa kutua tanga peke yake? Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi, yaani haliukabili upepo, likienda joshi ni Mungu kupenda. Hatuwezi kuandaa mbio kwa kutegemea hiyo "Mungu kupenda".

Ninachokitaka hakina gharama. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe mbele ya manahodha wote, naam, lakini utabiri unazungumzia mkoa mzima, na mzee wa Deep Sea analiona wingu lililo juu ya ghuba hii, saa hii. Aitwe, akae kwenye nguzo ya bendera, na akisema "ngojeni", mbio zingoje. Na chombo kilichorudi kwa sababu ya bahari kipewe alama za wastani wa mbio zake nyingine za msimu, na kwenye karatasi kiandikwe "kilirudi".