Irudisheni "huenda" ya Shelley

Juzi nilitumiwa tafsiri ya Kiswahili ya England in 1819, soneti (shairi la mistari 14) ya Shelley, mshairi Mwingereza. Niliisoma kwa furaha mpaka nikafika mwisho: "Mzuka mtukufu utachomoza." Utachomoza! Hasira haijanitoka hadi leo.

Agosti 16, 1819, askari wa farasi waliuvamia umati uliokusanyika St Peter's Field, Manchester, kudai uwakilishi bungeni. Watu wasiopungua 15 wakafa, mamia wakajeruhiwa. Shelley, aliyekuwa Italia, akaandika mistari 12 ya kutaja tu: mfalme mzee, mwendawazimu, kipofu; watawala wanaonyonya nchi kama ruba; watu wenye njaa waliochomwa visu; jeshi, sheria, dini, bunge. Kitenzi kikuu hakuna. Unasoma pumzi umeibana, mzigo unazidi, hadi mstari wa 13 unapofunguka kwa "are", yaani "ni" yetu. Wote hao ni makaburi. Mfalme bado anapumua na jeshi bado lina silaha, lakini "ni" imekwisha kuwazika.

Kisha, ukingoni mwa mstari huohuo, mzuka wa kutoka makaburini humo unapewa "may", yaani "huenda". Kitenzi chake kimeangukia mstari wa 14, hivyo msomaji anabaki ananing'inia kwenye "huenda" kabla ya kujua huenda nini. Pale ndipo siasa ya shairi zima ilipo. Watu wameuawa, wauaji wako madarakani. Nani angethubutu kuwaahidi wafiwa kwamba mwanga utakuja? Kwetu tofauti ni neno moja na silabi moja, huenda, na ka badala ya ta: utachomoza, huenda ukachomoza. Mtafsiri ameligusa hilo neno na hiyo silabi, na shaka yote ikafutika.

Nakubali, "utachomoza" inaimbika. Nakubali pia kwamba katika The Mask of Anarchy, shairi lake jingine kuhusu mauaji hayohayo, Shelley anawaamrisha watu wainuke kama simba. Lakini hata huko anasema ninyi ni wengi, wao ni wachache. Hasemi sisi, kwa kuwa uwanjani hakuwepo. "Yetu" anaiweka kwenye soneti, kwenye siku yetu ya tufani, na nikifika hapo koo hunikaba.

Desemba mwaka uleule alimtumia rafiki yake Leigh Hunt soneti hiyo, akamwambia hatarajii aichapishe. Ilichapishwa 1839, miaka 17 baada ya Shelley kufa maji. Mtu asiyetarajia hata shairi lake litoke angeandikaje "utachomoza"?