Mumeo Anavua Nini?

Mume wangu alipohamishiwa kufundisha Makete, wiki ya kwanza tu nilimpigia simu nikasikia meno yanagongana. Mwezi wa 7 huko baridi haina utani. Mimi niko Kirumba, Mwanza, feni inazunguka usiku kucha, nikaapa: huyu mwanamume nitamfumia sweta la sufu kwa mikono yangu, aache kujifunika mablanketi mbele ya wanafunzi.

Sufu nilikuwa nayo. Wifi yangu aliyeolewa Nanyuki, Kenya, alikuwa ameniletea mafungu 6, kila moja gramu 100, ya sufu waliyoisokota kwa mkono kina mama wa huko. Kwetu Usukumani kondoo wapo wengi, ila manyoya yao mafupi kama ya mbuzi. Ukitaka kusokota hapo utasokota masharubu.

Uzi wa mkono hauna nidhamu. Hapa mwembamba kama wa cherehani, hapa mnene kama kidole cha mtoto, na kila baada ya mistari miwili unachomoa kijiti cha nyasi. Rangi ni ile ya ugali wa udaga, ule wa muhogo. Harufu, kondoo aliyenyeshewa. Nilifuma kwenye daladala, nikafuma kwenye foleni ya benki, nikafuma msibani (hilo tuliache). Mbele ikaisha, mgongo ukaisha, mkono wa kulia ukaisha. Mkono wa kushoto ndio haukuanza, kwa sababu uzi nao uliisha. Wifi nampigia, hapatikani.

Nikakata kipande cha uzi nikakitia kwenye pochi, nikaanzia Makoroboi. Duka la kwanza lina uzi wa kroshia, ule mweupe wa vitambaa vya makochi. La pili lina uzi wa sweta za watoto, rangi zote za keki ya kipaimara. La tatu, jirani na Mwaloni, niliona tu "NYUZI" imeandikwa ukutani nikaingia kwa furaha.

"Nataka uzi, kaka."

"Wa sangara au wa sato?"

"Wa mume wangu."

"Sawa. Mumeo anavua nini?"

"Havui, kaka. Anavaa."

Akaniangalia. Nikamwangalia. Nyuma yake nyavu zimening'inia kuanzia darini mpaka sakafuni, na wavuvi wawili waliokuwa wanachagua maboya wameacha kuchagua. Nikatoa kile kipande. Muuzaji akakinusa, akakivuta mara moja, kikakatika. "Dada," akasema kwa huruma kabisa, "huu hata dagaa anautoboa."

Aliyeniokoa ni mama mmoja anayefuma sweta za shule kwa mashine. Alikuwa na uzi wa rangi ileile ya udaga, karibu kabisa. Hakunificha: "Huu ni akriliki, si sufu. Lakini mumeo atajuaje?" Nami nikajiambia, uzi ni uzi. Siku tatu mkono wa kushoto ukawa tayari, laini kuliko sweta lote.

Ilibaki harufu. Jirani alishaniuliza kama tumeanza kufuga. Nikachemsha maji, nikamimina kwenye beseni, sabuni ya unga vikombe viwili, nikalisugua lile sweta kama shati jeupe la shule siku ya Jumapili. Nikasugua, nikakamua, nikasugua tena. Kumbe kila unywele wa kondoo una magamba madogo. Ukiyapa maji ya moto na msuguano yanashikana, hayaachani tena mpaka kiama. Haya nilikuja kuambiwa na wifi, siku alipoamua kupatikana. Akriliki yenyewe haina habari na magamba.

Nikalinyanyua kutoka kwenye beseni. Kiwiliwili kimekaza kama zulia, cha kumtosha mtoto wa darasa la kwanza. Mkono wa kulia umefupika mpaka ukasimama wenyewe, kama wa mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Na mkono wa kushoto, Mungu wangu, mrefu uleule wa mwalimu mzima wa Makete, unaning'inia kama mkonga wa tembo, unadondosha maji kwenye miguu yangu.

Nikalianika uani nikakaa chini, nikashindwa kulia na kucheka.

Jioni akapita mjomba, mvuvi tangu ujana wake. Akasimama mbele ya kamba muda mrefu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa. Hii ni nini?"

"Sweta la mkwe wako."

Hakusema neno. Akakunja kanzu, akaweka kiganja begani mwa sweta, akapima shibiri moja, akapima ya pili, ikagota kwenye pindo. Akatikisa kichwa.

"Huyu sangara hajafika sentimita 50. Mrudishe ziwani kabla maofisa wa uvuvi hawajapita."