Risala na Kalamu Nyekundu

Mpwa wangu alinionyesha daftari jioni ile ile ya sherehe, skafu bado iko shingoni. "Mama mdogo, hebu soma hapa." Ilikuwa rasimu ya risala ya Girl Guides, chama cha wasichana kilicho kama skauti, cha shule yao, imeandikwa na wasichana watatu waliokuwa wakipokezana kalamu, maana mwandiko unabadilika kila baada ya aya. Mahali pawili palikuwa pamekatwa kwa wino mwekundu. Pa kwanza palisema vyoo vyao havina komeo, na kwamba wakiwa kwenye siku zao baadhi hubaki nyumbani. Pa pili palisema: "Tumewatembelea wenzetu wanne walioacha shule. Mmoja amerudi." Juu ya maneno hayo mtu mzima mmoja, ambaye simtaji, alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri wa ubaoni kwamba wanaishukuru serikali kwa kuwajali watoto wa kike.

Basi hicho ndicho kilichosomwa.

Nilikuwepo. Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne, akaingia saa saba kasoro. Wasichana walikuwa wamepangwa mistari miwili juani tangu saa tatu, kila mmoja na ua lake la karatasi. Wakapongezwa kwa kufagia soko, kwa kupanda miche, na kwa nidhamu; neno nidhamu nililihesabu, lilitajwa mara tisa. Vyeti vikagawiwa, na cha mpwa wangu jina limekosewa herufi mbili. Tukala pilau. Waliopakua ni wao, walioosha sahani ni wao, siku ya kuwapongeza wao.

Kuwaheshimu hawa watoto ni jambo ninalolitaka sana. Kinachonikera ni kwamba tunawaheshimu kwa yale yanayotupendeza sisi, halafu yale waliyoyafanya kwelikweli tunayapitishia wino.

Niseme kidogo kuhusu jina, maana kuna mtu ataniuliza kwa nini nachanganya lugha. Skauti tumelimeza bila taabu, na watoto wanasema skauti hadi vijijini. Lakini hili la pili, Guide, ukilitamka kwa Kiswahili chetu linatoka "gaidi", na sijamwona mzazi atakayekubali bintiye aitwe gaidi hata kwa utani. Kuna wanaosema skauti wa kike. Mpwa wangu hataki hata kulisikia.

Anayo haki, ukiijua historia. Mwaka 1909 skauti walikusanyika Crystal Palace, London, gwaride la wavulana. Wasichana wakatokea bila kualikwa, wamejivika kofia na kushika fimbo, wakadai na wao ni skauti. Wengine walikuwa wamejiandikisha zamani kwa kutumia herufi za mwanzo tu za majina yao, ili asijulikane nani msichana. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, hakuwa na mpango nao. Mwaka uliofuata chama chao kikaanzishwa, akikabidhiwa dada yake, Agnes. Kwa hiyo chama hiki hakikuanza kwa wasichana waliopangwa mstari wakisubiri mgeni. Kilianza kwa wasichana waliovamia gwaride la watu.

Wala sijifanyi sijui upande wa pili. Kitabu chao cha kwanza, cha mwaka 1912, kichwani kabisa kilisema wasichana wanaweza kusaidia kuijenga Himaya, na himaya yenyewe ndiyo ile ya Waingereza iliyokuja kututawala. Tanganyika chama kilifika mwaka 1928, kwenye mizigo ya wakoloni. Bendera ikashuka, chama kikabaki, kwa sababu bibi zetu na mama zetu walikwishakifanya chao. Leo umoja wao wa dunia una wanachama wapatao milioni 10, katika nchi zipatazo 150. Kati ya vituo vyao vitano vya kimataifa, vinne ni majumba: Uswisi, Uingereza, Mexico na India. Cha Afrika hakina paa wala mlango. Kinahama nchi hadi nchi, na jina lake ni neno letu, Kusafiri. Kila nikilifikiria hilo nacheka peke yangu. Walitafuta jina la kituo kisichotulia, wakaja kwa Waswahili.

Turudi kwenye ufagio. Huduma kwa jamii ni nguzo ya chama hiki, iko ndani ya ahadi yao, na vidole vitatu vya saluti vinaikumbusha ahadi yenyewe: Mungu, nchi, kuwasaidia wengine. Lakini pale kwetu siku ya usafi wavulana wa skauti walipewa ngoma na kuongoza magari barabarani, wasichana wakapewa mafagio. Mtoto aliyeamka saa kumi na moja akafagia uwanja wa nyumbani, akachota maji, akaosha vyombo, sisi tunamchukua Jumamosi akafagie soko, kisha tunaiita huduma na kumpigia makofi. Hiyo ni zamu ya pili ya kazi ile ile. Mvulana akifagia hilo soko nitampigia makofi mimi mwenyewe, tena nimesimama.

Hebu niwaambie walichofanya ambacho hakikusomwa.

Walianza na pedi. Kuna cherehani ya kukanyaga kwa mama mmoja jirani wa shule, wakaiomba Jumapili mchana. Flana juu na chini, taulo kuukuu lililochemshwa likakatwa vipande katikati, na vishikizo kwenye mabawa. Za kwanza zilikuwa nene kama godoro la mtoto. Mpwa wangu alinionyesha moja tukacheka hadi machozi, naye kidole gumba kimefungwa kitambaa kwa kuchomwa sindano. Za tatu na nne zikawa pedi za kuvalika. Walipokuwa wanagawa ndipo wakaona kuwa majina manne kwenye orodha ya darasa hayana mtu. Hakuna aliyewatuma kuwatafuta.

Watatu wakaenda Jumamosi, mwendo wa kuvuka mashamba ya mkonge, mpaka kwa mmoja ambaye walisikia amejifungua. Kwa mzazi huendi mikono mitupu, na watoto hawa walilelewa. Walichanga wakanunua sukari kilo moja na mche wa sabuni. Bibi wa yule msichana aliwapokea mlangoni, hakuwakaribisha ndani. "Nani kawatuma, wajukuu zangu?" Wakasema hakuna, tumekuja wenyewe. Aliwatazama skafu zao, akawauliza kama ni watu wa serikali.

Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyekatishwa masomo kwa ujauzito anaweza kurudi katika shule ya umma. Huku mjini tulilijadili wiki nzima, redioni, kwenye daladala, kila mtu na lake. Bibi yule alikuwa hajalisikia. Mjukuu wake naye hajalisikia. Walilisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa watoto wa kidato cha pili waliosimama mlangoni na mche wa sabuni. Mmoja akampokea mtoto mchanga, mwingine akafungua daftari alilokuwa amenakili masomo yote ya muhula uliopita kwa mkono wake, hisabati mpaka michoro ya baiolojia. Walikaa mpaka jua linazama. Walirudi tena mara mbili.

Januari msichana yule alirudi darasani. Mtoto yuko kwa bibi. Ndiye "mmoja amerudi" aliyekatwa kwa wino mwekundu.

Nimejaribu kumwelewa aliyekata. Labda aliogopa mgeni rasmi angeuliza kwa nini wanne waliacha shule na nani alikuwa anahesabu. Labda aliona aibu kutaja hedhi mbele ya wazee wa kata. Lakini kama mtoto wa miaka kumi na tano hakuona aibu kwenda kugonga mlango wa watu, mtu mzima anaona aibu ya nini kusikia habari hiyo amekaa kwenye kiti cha kunesa, chini ya turubai?

Hata dunia nzima tuna tabia hii ya kuwaweka wanawake nyuma ya picha. Kila tarehe 22 Februari skauti na Girl Guides hukusanyika Nyeri, Kenya, penye kaburi la Baden-Powell. Ndivyo linavyoitwa, na anayekusudiwa ni mume aliyefariki mwaka 1941. Lakini humo humo yamezikwa majivu ya mkewe, Olave, aliyekuwa Mkuu wa Girl Guides Duniani tangu mwaka 1930, na aliyefariki mwaka 1977. Tarehe yenyewe ni siku ya kuzaliwa ya wote wawili.

Mtu aliniuliza juzi, sasa wewe ulitaka wafanyiweje? Si makubwa. Mgeni aje saa aliyosema. Jina kwenye cheti liandikwe vizuri. Sahani waoshe wavulana. Na risala isomwe kama ilivyoandikwa, kisha mgeni rasmi ajibu ile sentensi ya komeo kabla hajagusa pilau; komeo la choo halihitaji bajeti ya wizara, mafundi wa pale sokoni wanayo.

Risala ya mwaka huu, naambiwa, imeshaandikwa. Sentensi mbili zimerudishwa, na imeongezwa moja: wawili wamerudi. Nilimuuliza mpwa wangu hawaogopi itakatwa tena. Akasema karatasi watampa mtu aisahihishe apendavyo. Wao wameikariri.