Ufunguo wa kabati la projekta

Wallace Sayre, aliyefundisha sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na kufariki mwaka 1972, anakumbukwa kwa kejeli moja: siasa za vyuoni ni kali kwa sababu kinachogombewa ni kidogo mno. Wengi humpa Henry Kissinger, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, maneno hayo (ugomvi mwingine huo).

Nilipokuwa mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini, ningeapa kuwa Sayre aliwahi kuketi kwenye kikao chetu cha idara. Siku moja "yatokanayo" peke yake yalikula saa mbili: nani akae na ufunguo wa kabati la projekta? Baridi ya Julai, chai imepoa, wazee wawili wenye shahada za uzamivu hawatazamani. Projekta yenyewe ilikuwa moja, tena taa yake imeungua.

Lakini udogo huo nautilia shaka. Mwenye ufunguo ndiye aliyekuwa akikaimu ukuu wa idara. Mkuu wa idara ana posho ya madaraka, na ndiye anayepanga nani afundishe kozi mbili na nani abebeshwe tano. Mwenye tano haandiki makala. Asiye na makala hapandi daraja, na mshahara hauongezeki. Ufuate ufunguo ule, utakufikisha jikoni kwa mtu. Na mtu wa Iringa akichoka majungu ahamie wapi? Mkwawa, Ruaha, Chuo Kikuu cha Iringa, basi. Mbeya ni kuhamisha familia. Kwa hiyo hubaki, na mbaya wake wa kikaoni anakutana naye sokoni, kanisani, hata kwenye kamati ya harusi.

Isitoshe, si kila ubishi ni fitina. Wakati mwingine anayeitwa mkorofi ndiye pekee aliyekataa matokeo yapikwe.

Ninapoacha kuwatetea ni kwa mwanafunzi wa uzamili mwenye wasimamizi wawili wasiosemezana. Huyu anamwambia aiondoe sura ya pili. Yule anauliza sura ya pili iko wapi. Mwanafunzi mmoja wa namna hiyo nilimwona akizunguka na nakala mbili za tasnifu, kila mlango na yake, akiomba Mungu asizichanganye. Posho hana, daraja halimhusu. Kozi ilikuwa ya miaka miwili, naye alikuwa anatafuta ada ya mwaka wa tatu.